Tisini na Kenda Aliwaachia Nani?

"Na wale wengine, aliwaachia nani?"

Bibi yangu aliuliza swali hilo Alhamisi moja ya Agosti 2022, chini ya mgunga ulio nyuma ya kanisa letu la mabati, Ololosokwan. Nilikuwa nimemaliza kusoma Luka sura ya 15, mfano wa kondoo aliyepotea. Nilisoma kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, na mwinjilisti akafasiri kwa Kimaa. Mbele yetu walikuwa wanawake kumi na watano hivi na wazee wawili, karibu wote wachungaji wa mifugo tangu utoto, na wengi hawajui kusoma.

Mwinjilisti alinigeukia. Mimi ndiye msomi.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Dodoma, ambako niliongoza kundi la kujifunza Biblia. Nilikuwa na kalamu za rangi tatu: nyekundu kwa amri, kijani kwa ahadi, bluu kwa jambo ninalotakiwa kulifanya. Biblia yangu ilikuwa imejaa rangi. Basi nikamjibu bibi kama nilivyozoea kujibu chuoni, kwamba huo ni mfano tu, na katika mfano tunatafuta jambo moja kuu, hatuhoji kila kitu. Jambo kuu hapa ni upendo wa Mungu kwa mmoja.

Mwinjilisti alifasiri. Koko alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tena, "Umesema aliwaacha nyikani?"

"Ndiyo, Koko. Nyikani."

"Na fisi je?"

Wanawake wakacheka, lakini hawakuwa wanamcheka yeye. Mmoja alisema hakuna mchungaji mwenye akili anayeacha kondoo tisini na kenda nyikani peke yao. Akirudi na huyo mmoja begani atakuta mizoga. Mwingine alisema labda aliwaingiza zizini kwanza. Nikafungua Mathayo sura ya 18, nikitumaini kupata msaada, nikakuta huko wameachwa milimani. Mzee mmoja akatikisa kichwa. Milimani ni pabaya zaidi, alisema, kuna chui.

Koko ndiye aliyemaliza mjadala. "Walikuwa wawili," alisema. "Mmoja alikwenda kutafuta, mmoja alibaki. Huyu wa pili hawakumwandika."

Tuliomba, tukatawanyika. Wengine walirudi nyumbani wakizungumza mambo ya maji. Mimi nilirudi na hasira kidogo, kwa sababu nilijua bibi yangu hakuwa anauliza habari za Luka peke yake.

Mdogo wangu alikuwa ameondoka mwezi mmoja kabla. Yeye aliishia darasa la saba. Mimi niliendelea. Nyumbani kwetu hakuna aliyetamka kwamba mmoja atasoma na mmoja atachunga, ila ndivyo ilivyokuwa. Mkopo wa serikali ulilipa sehemu tu ya gharama zangu, na sehemu iliyobaki ililipwa na ng'ombe. Kila baba alipopeleka ng'ombe mnadani, alikuwa anauza mnyama ambaye mdogo wangu alimjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake na kwa bibi yake.

Mwaka ule ulikuwa mgumu kwa kila boma. Mvua zilikuwa haba. Mwezi Juni mipaka mipya iliwekwa kuzunguka eneo la kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, ambalo baadaye lilitangazwa kuwa pori la akiba, na malisho ya kijiji chetu yakapungua. Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa chuoni. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, aliyekuwa na mimba, na baba alitaka kumuuza. Aliniomba nizungumze na baba. Nilimjibu kwamba ada haiwezi kusubiri ng'ombe azae.

Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka yote. Ng'ombe aliuzwa. Wiki mbili baadaye mdogo wangu akaondoka usiku na shuka moja na fimbo, na simu yake haikupatikana tena.

Niliporudi nyumbani nilifanya nilichojifunza, nikaomba. Niliamka saa tisa usiku, nikapiga magoti hadi alfajiri. Nilifunga siku tatu. Niliandika jina lake katika daftari la maombi na kuacha nafasi chini yake kwa ajili ya tarehe ya jibu. Asubuhi, nikiwa nimechoka kwa maombi, nililala. Wakati huo mama yangu na mtoto wa shangazi, mwenye miaka kumi, walikuwa wanapeleka ng'ombe malishoni.

Nilikuwa namwomba Mungu amtafute mdogo wangu, na kazi ya mdogo wangu nilikuwa nimemwachia mtoto.

Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya swali la Koko, nilichukua fimbo. Mama aliniangalia miguu, akaenda kuniletea kandambili za matairi za mdogo wangu. Hakusema kitu.

Sitasema kwamba nilikuwa mchungaji mzuri. Wiki ya kwanza yule mtoto wa miaka kumi ndiye aliyenichunga mimi pamoja na ng'ombe. Alinifundisha kutembea upande upepo unakotoka, nisimkimbize mnyama aliyedhoofika, na ng'ombe akilala chini mchana nimwinue mapema kabla hajakata tamaa. Tulikuwa tunawainua wawili wawili, mmoja akishika mkia na mwingine akisukuma bega. Wengine waliinuka. Wengine hawakuinuka, na tuliwaacha pale.

Maombi yangu yalifupika. Ukiwa umeshika mkia wa ng'ombe huna nafasi ya kupanga maneno. Nilijikuta nikisema "Naai" tu, neno ambalo wazee wetu huitikia wanapobariki watu, nililoliacha nilipojifunza kuomba kwa Kiswahili kirefu. Nililisema mara nyingi kwa siku kuliko nilivyowahi kuomba chuoni.

Jioni ndiyo ilinifundisha zaidi. Ng'ombe wanapoingia zizini mchungaji husimama langoni. Nilianza kuhesabu kwa vidole, yule mtoto akanizuia. Kwetu si vizuri kuhesabu mifugo namna hiyo. Unatazama, na macho yenyewe yatakuambia nani hayupo. Kwa wiki nzima macho yangu hayakuniambia lolote. Halafu jioni moja nilihisi pengo kabla sijajua ni la nani: ndama wa kijivu mwenye sikio lililochanika. Tulirudi na tochi, tukamkuta amenasa kwenye tope la lambo. Yule mtoto alibaki langoni na kundi.

Ndipo nilipoielewa sura ile, angalau kidogo. Mchungaji wa Luka hakujua kwa hesabu kwamba amebaki na tisini na kenda. Alimjua aliyekosekana. Na mimi niliondoka nyumbani miaka mitano, nikirudi likizo na kuondoka, bila kuona kwamba mdogo wangu alikuwa anapotea huku tunaishi naye.

Chuoni niliwahi kusoma Christianity Rediscovered, kitabu cha mwaka 1978 cha padre Mmarekani, Vincent Donovan, aliyefanya kazi huku Loliondo miaka ya 1960. Anasimulia mzee wa Kimaasai aliyemfundisha kwamba imani haifanani na mwindaji anayepiga risasi kutoka mbali, inafanana na simba anayemwendea mnyama kwa mwili wake wote. Kisha mzee akaongeza kwamba wao walidhani ndio wanaomtafuta Mungu, kumbe Mungu ndiye simba. Nilipigia mstari ukurasa ule kwa kalamu ya kijani. Nadhani ulihitaji bluu.

Mwishoni mwa Septemba simu yangu iliita kwa namba nisiyoijua. Nilikuwa juu ya kilima, mahali pekee penye mtandao. Alikuwa mdogo wangu, yuko Dar es Salaam, analinda duka usiku. Hakunisalimia kwa kirefu. Aliuliza, "Mvua?"

"Bado."

"Waliokufa?"

Nilimtajia mmoja mmoja, kwa rangi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza umejuaje wote hao, nani anachunga.

"Mimi."

Alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mwaka uliopita. Nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya ada. Hakusema amenisamehe. Alisema yule ndama wa kijivu asinywe maji ya lambo asubuhi, tumbo lake halipendi.

Hajarudi hadi leo. Hupiga simu Jumapili mchana, baada ya ibada. Kwenye daftari langu ile nafasi chini ya jina lake bado iko wazi, kwa sababu sijui niandike tarehe ipi.

Oktoba chuo kilipofunguliwa nilikwenda kumwaga Koko. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kama afanyavyo siku zote, kisha hakuondoa mkono.

"Na hawa," aliuliza, "unawaachia nani?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimekubaliana na binamu yangu achunge, na mshahara wake utoke kwenye fedha zangu za kujikimu, zile tunazoziita bumu. Yule mtoto wa shangazi angerudi shuleni. Nilimweleza Koko yote, hata kiasi.

Akanitemea mate kidogo kichwani, baraka ya wazee wetu.

"Naai," nikaitikia.