Mboga za kando ya barabara



Ninawaandikia hasa ninyi wamama mulio na bustani kando ya barabara kubwa, kwa sababu mimi vilevile niko nayo. Miaka tisa nililima lengalenga na matembele hatua kumi na tano tu kutoka barabara ya Lubumbashi kwenda Kasumbalesa. Makamio yanapita pale mchana na usiku. Asubuhi majani yalikuwa mekundu kwa vumbi. Nilitupia maji, yakapendeza, watu wakanunua. Pesa ya masomo ya watoto ilitoka pale.

Mwaka uliopita muganga mumoja alikuja kufundisha wamama wa kanisa. Akatuuliza: «Ile vumbi, munajua iko na nini ndani?» Tukajibu: udongo. Akasema, si udongo tu. Mipira ya gari ikisuguana na lami inaacha zinki. Fre zikikaza zinaacha shaba. Kamio yenye kubeba madini bila kufunikwa vizuri inamwaga shaba na kobalti njiani. Na iko tena risasi. Zamani waliitia katika esanse ili motere isigonge-gonge, ikatoka na moshi. Inchi zetu zilipatana kule Dakar mwaka 2001 kuiacha, na mwanzo wa 2006 Afrika kusini ya Sahara ikaiacha. Lakini risasi haiozi. Ile iliyoanguka wakati ule ingali katika udongo wa kando ya barabara.

Inaharibu ubongo wa mutoto. Mwili wake unaishika kupita mwili wa mukubwa, na mikono yake iko kinywani kila saa. Kuosha mboga kunatoa vumbi ya juu tu; kuchemsha hakuondoi risasi.

Nikarudia nyumbani na woga. Sasa niungame. Nilipanda matuta matatu nyuma ya nyumba, mbali na barabara, kwa chakula cha watoto wangu. Na zile za mbele? Nikaendelea kuziuza.

Siku moja jirani mwenye mimba akaja kununua. Akaniuliza: «Mama, mbona weye unachumaka zako kule nyuma?» Nikamudanganya. Usiku ule sikulala.

Kesho yake nikamwambia kweli. Akacheka: «Tangu zamani tunakulaka ile lengalenga, na hatuyakufa!» Lakini ubaya huu haupigi kama malaria. Unapunguza akili ya mutoto polepole, na sisi tunamwita muvivu.

Nikaingoa yote ya mbele. Pale nimepanda migomba na ua wa miti, kwa maana tunda linashika risasi kidogo kuliko jani. Lengalenga iko nyuma tu. Bustani imekuwa ndogo, na mwaka huu masomo nililipa kwa kuchelewa.

Wewe usiye na nafasi nyuma, sogea mbali na lami kadiri unavyoweza. Osha mboga mara tatu. Nawisha watoto mikono mbele ya kula. Panguza nyumba na kitambaa chenye maji, usifagie kavu.

Katika kitabu cha Mwanzo mutu alipewa bustani ailime, na aichunge vilevile. Kulima tunajua. Kuchunga, mimi nimejifunza kwa haya: ni kumuhesabu mutoto wa yule anayenunua kama mutoto wako.