Mafuta ya Shilingi Hamsini

Kila chama chetu kinapokuwa na mdahalo juu ya ukweli na uongo, mimi hunyamaza kama maji mtungini. Wengi wameniuliza sababu. Leo nimekata kauli kutoboa. Usinicheke.

Mjomba wangu ni mchuuzi wa samaki. Kila alfajiri huwanunua Mayungu, pale mashua zinapotia nanga, akawapeleka Malindi mjini. Chombo chake cha kazi si pikipiki kama za wenzake, bali ni baiskeli yenye mtambo, aina ya Piaggio Ciao. Kama umewahi kufika Malindi unajua Waitaliano walivyo wengi kule. Mmoja wao alipokuwa akirudi kwao alimwachia Mjomba kwa bei ya kutupa. Ciao zilianza kuundwa Italia mwaka wa 1967 zikakoma 2006, kwa hivyo hiyo yetu imenizidi umri na yafaa niiamkie. Ina pedali kama baiskeli yoyote, na injini ya silinda moja isiyofika hata sentimita 50 za ujazo. Pistoni yake ina upana wa milimita 38.4, ukiitia ndani ya finjani ya kahawa, nafasi inabaki. Vijana wa bodaboda huiita "mbu". Lakini mbu huyo ndiye aliyekuwa akitulisha watu saba nyumbani, na karo yangu pia ilitoka mgongoni mwake.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana kisa chote kimelala hapa. Injini hii ni ya mipigo miwili, au tustroku kama wasemavyo mafundi. Pikipiki nyingi za bodaboda zina oili yao iliyokaa chini ya injini, unaimwaga na kuibadilisha. Hii haina. Oili yake ni ile unayoichanganya na petroli kabla ya kuitia kwenye tangi, sehemu mbili kwa mia. Petroli lita mbili, oili mililita 40. Mchanganyiko huo hauendi moja kwa moja kuchomwa. Huingia kwanza tumboni mwa injini, ukapaka mafuta kranki na beringi, ndipo ukasukumwa juu ya pistoni. Ukikosa kutia oili, kila kitu mle ndani kinasugua kikavu. Haya yote nilikuwa nikiyajua. Mjomba alinifundisha nikiwa darasa la sita.

Ilikuwa likizo ya Agosti 2023, nikiwa Kidato cha Pili. Ijumaa jioni Mjomba alinipa shilingi 450. Mia nne za petroli lita mbili kwa mzee mmoja anayeuza kwa chupa kando ya barabara, na hamsini za oili kule wanakouza vifaa vya mashine za boti. Petroli nilinunua. Nikashika njia ya kwenda kwenye oili, na njiani, masalaale! kulikuwa na mama akikaanga viazi karai, na ukwaju wake pembeni. Sina la kujitetea. Nilijiambia kwamba tangini mna mchanganyiko wa jana umebaki, utatosha siku moja tu, kesho nitatafuta hamsini nyingine nirekebishe.

"Umechanganya?" Mjomba aliniuliza nilipofika.

"Ndiyo, Mjomba."

Oili ile hutiwa rangi makusudi ili mtu aione kwenye petroli. Lakini lilikuwa giza la magharibi, na Mjomba alikuwa na haraka ya kwenda kuswali. Akamimina.

Siku ya pili alirudi saa tano na nusu, anapiga pedali, shati limemganda mwilini. Alisema injini ilipiga ukelele katikati ya njia, gurudumu likashtuka, kisha kimya. Alivuta kile kiwashio kinachoitenga injini na gurudumu, akapiga pedali mpaka mjini na kreti la changu na tafi nyuma yake. Alipofika, yule mnunuzi wake wa hoteli alikuwa amekwisha kununua kwa mwingine. Barafu nayo ilikuwa imeyeyuka. Samaki waliuzwa kwa bei ya aibu.

Mjomba hakuingia hata ndani kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mzee wa petroli, akamwita mwizi mbele ya watu, kwamba anatia mafuta taa. Watu walimwamini upesi, kwa sababu mchezo huo tunaujua. Ndio uliofanya serikali mwaka wa 2018 itoze mafuta taa zaidi ili yasiwe rahisi kuliko petroli. Mzee aliapa wallahi billahi. Kijana mmoja akazipiga teke chupa zake, mbili zikapasuka. Nami nimesimama nyuma ya Mjomba, ulimi umenata kwenye kaakaa.

Basi mbu alipelekwa kwa fundi wa mashine za boti, anayefanyia kazi chini ya mkwaju. Mjomba akasema, "Fundi, kijana huyu atakushikia spana. Mimi naenda kutafuta deni." Ndivyo nilivyojikuta nikifungua injini niliyoiua mwenyewe.

Tulianza na plagi. Fundi aliichomoa akaigeuzageuza kwenye mwanga. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia. Hii ilikuwa nyeupe, na imerukiwa na vichembe vinavyometameta. Fundi akaguna tu. Tukaishusha injini, tukaondoa eksozi na kabureta, tukalegeza nati nne za kichwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, ili kisipinde. Silinda ikakataa kutoka. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania kama kupe. Fundi alimimina dizeli juu yake, akaniambia niende nikalale.

Nani alilala?

Asubuhi aliigonga silinda kwa ubao, taratibu, huku mimi nikiyumbisha kranki. Ikaachia. Lo! Upande wa eksozi, ambao ndio huwa na joto kali zaidi, pistoni ilikuwa imechanika mistari kama mtu aliyepapurwa na paka. Ringi zilikuwa zimezibwa ndani ya mifereji yake na alumini iliyoyeyuka.

"Imekufa kwa kiu," alisema Fundi.

"Si mafuta taa?" niliuliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Hakujibu. Alichukua petroli iliyobaki tangini, akadondosha matone kwenye karatasi nyeupe ya daftari langu. Kando yake akadondosha petroli ya mashine ya boti iliyochanganywa. Tukangoja. Kwa jua la Mayungu haikuchukua dakika nyingi. Tone la boti liliacha doa la mafuta, ukiinua karatasi unaona mwanga. Letu liliacha alama hafifu ambayo hata sasa sina hakika kama niliiona au nililazimisha macho. Fundi aliikunja ile karatasi mara mbili akanitia mfukoni mwa shati.

"Mpe mjomba wako. Ama usimpe. Mimi ni fundi wa mashine."

Nilimpa usiku ule, baada ya chakula. Nilisema yote, mpaka viazi. Nilitarajia kofi. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu: "Zile chupa zilizovunjika zilikuwa ngapi?"

Kulipopambazuka tulikwenda kwa mzee yule sote wawili. Mjomba alianza kuomba radhi, akanigeukia, "Sema wewe." Nikasema mbele ya wale wale waliokuwapo juzi, au wengi wao. Mzee alinitazama, akasema petroli yake sasa watu wanapita bila kuisimamia, je, nitawafuata mmoja mmoja? Sikuwa na jibu. Alipokea pesa za chupa mbili.

Pistoni mpya na ringi zake ilitoka Mombasa, shilingi 1,800. Wiki iliyobaki nilimfanyia Fundi kazi ya kuosha vyuma, naye akakata kiasi. Silinda ilikuwa chuma imara, alumini iliyoshika ukutani ilitoka kwa msasa laini na subira. Mikono yangu ilichubuka. Fundi alinionyesha mshale mdogo kichwani mwa pistoni, lazima uangalie eksozi. Aliziba mdomo wa kranki kwa kitambaa kabla ya kutia vile viklipu vya kuzuia pini, kwa maana kikianguka kimoja mle ndani ni kufungua upya. Gaskiti alizikata mwenyewe kwa kugonga karatasi na nyundo. Ringi nilizibana mimi kwa vidole nikiziingiza silindani, nimezipaka oili mpaka viwikoni.

Tulimpandisha mbu kwenye stendi, nikapiga pedali. Mara ya kwanza kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu alikohoa, akatoa moshi wa buluu mwingi, kisha akaanza kuimba. Fundi alicheka. Mjomba hakucheka, lakini aliweka kiganja juu ya tangi akakiacha pale.

Siku hizi oili naipima kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, mililita kumi mara nne. Mjomba bado ananituma. Nikirudi haniulizi tena kama nimechanganya. Huchovya kidole ndani ya tangi, akakisugua na gumba, akanusa. Ndipo anafunga kifuniko.