Walii aliyekwama njiani: safari yetu ya reli kutoka Mwanza hadi Tabora

Sisi wakazi wa Nyakato hatuhitaji kukumbushwa kwamba kufika ni kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Ukiifuata Barabara ya Musoma kutoka kwetu, unafika Igoma, walikozikwa wengi wa waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, wakiwa wamebakiza mwendo mfupi kuingia bandari ya Mwanza. Kwa hiyo msafiri wa kwetu akisema "Inshaallah", hasemi kwa mazoea tu.

Msimu wa mvua uliopita, watu 19 wa msikiti wetu tulipanda treni ya Alhamisi jioni kwenda Tabora. Mzee mmoja katika jamaa yetu alikuwa anakwenda kumwozesha binti yake, aliyekuwa akiishi huko kwa shangazi yake. Ndoa ilipangwa kufungwa Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Tulichagua reli kwa ajili ya wazee wanaohitaji kulala, mizigo ya harusi na unafuu wa nauli.

Njia hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati mjini Tabora mwaka 1912. Tawi la kuja Mwanza likakamilika mwaka 1928, zama za Waingereza. Ni karibu kilomita 380, na vituo vyake huhesabika kama punje za tasbihi: Fela, Mantare, Bukwimba, Malya, Malampaka, Shinyanga, Isaka, Bukene. Hapo Fela ndipo lilipowekwa, Juni 2021, jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilomita 341. Sisi tulipita na ile ya zamani, kwa mwendo wake wa zamani.

Tulikuwa tumekwisha kuipita Malampaka, usiku wa manane, treni ilipopunguza mwendo, ikatikisika, ikasimama. Mhudumu alipita na tochi akieleza kuwa mvua imezoa kokoto chini ya reli mbele yetu, na mafundi wameitwa. Baada ya kitambo mabehewa yakaanza kurudi nyuma. Mara sauti za shahada zikasikika kila upande. Watu wazima wote walikuwa wamekumbuka jambo moja: Igandu, mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliposhindwa kushika breki mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walifariki. Kwetu sisi dereva alikuwa anatuondoa tu penye tuta lililolegea, lakini hakuna aliyelala tena.

Alfajiri tulishuka tukasali kando ya njia. Treni ilielekea kusini, na kibla cha huku ni kaskazini kwa kuelemea mashariki kidogo. Tukasali tukiutazama mkia wa treni. Maji ya chupa tuliyahifadhi kwa kunywa. Udhu tulichukua kwa maji ya mvua yaliyotuama, kwani maji yaliyobadilishwa na udongo tu hayapotezi utwahara wake.

Ilipofika saa nne watoto wa behewa zima walikuwa wanalia njaa. Akina mama wetu walikuwa na ndoo mbili za maandazi na visheti vya harusi. Walishauriana kidogo, wakazifungua, na hawakuuliza mtoto yupi ni wa dini gani. Baadaye wanakijiji wa Kisukuma walileta maji na matobolwa. Wengine waliuza, bibi mmoja alikataa fedha aliposikia kuwa baba wa bibi harusi amekwama humo.

Mzee mwenyewe hakula. Katika madhehebu yetu ya Shafi ndoa haisihi bila walii, na hapakuwa Tabora na ndugu yeyote wa kiume wa binti. Wageni walikwisha kusanyika, na huko wapo walioanza kusema ndoa iahirishwe. Ndipo imamu wetu alipomwambia, "Mzee, walii anaruhusiwa kuweka wakili."

Mtandao wa simu ulipatikana juu ya kichuguu tu. Mzee akapandishwa. Shekhe wa Tabora, rafiki yake tangu ujana, alimtaka ajitaje kwa jina lake na la baba yake, kisha akauliza, "Umeniwakilisha nimwozeshe binti yako kwa mahari mliyokubaliana?" Akajibu, "Nimekuwakilisha." Akarudia mara ya pili, wawili wetu tukishuhudia, asibaki mtu na shaka. Kisha akaomba apewe binti. Tulisogea mbali, waliyozungumza ni yao.

Ijumaa haimlazimu msafiri, hivyo tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa dua ya mzazi, ya msafiri na ya aliyedhulumiwa hazirudishwi. Mzee wetu siku ile alikuwa mzazi na msafiri kwa pamoja, basi tukamwachia yeye aombe, nasi tukaitikia amin. Simu ya kutujulisha kuwa ndoa imefungwa ilipoingia, vigelegele vilipokewa behewa hadi behewa, na watu tusiowajua.

Treni iliondoka Magharibi. Tulifika Tabora usiku mkubwa, tukamkuta binti stesheni pamoja na mumewe. Alikuwa amekataa kwenda kwa mume kabla ya kumwona baba yake.

Familia zinazojiandaa kwa ndoa za mbali zina la kuzingatia hapa. Walii na aweke wakili mapema mbele ya mashahidi, hata kama ana hakika ya kufika. Akiwahi, ataozesha mwenyewe, wala haki yake haipungui. Sala ya safari ifundishwe nyumbani kabla tiketi haijakatwa. Na chakula cha njiani kizidi haja ya mwenye nacho. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah ametuamrisha kumtendea wema mwenzi aliye ubavuni, na wapo wafasiri waliosema kuwa huyo ni mwenzi wa safarini.