Mkutano Mkuu Usioulizwa Kuhusu Dhahabu

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ina kifungu ambacho hata watumishi wa serikali za mitaa hukipita haraka: kijijini, mwenye mamlaka ya juu si mtendaji wala diwani, ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18.

Sasa twende Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri, si kijiji.

Niliwahi kuhudhuria mkutano mkuu katika kijiji kimoja cha ukanda huo. Taarifa ilisomwa kwa Kiswahili cha ofisini, bakaa na vyanzo vya ndani. Bibi mmoja akasimama, akauliza kwa Kisukuma: nani aliyechagua madawati badala ya kisima? Akajibiwa kwamba hayo yaliamuliwa wilayani. Akaketi. Katika muhtasari swali lake halimo; nimeutafuta na kuusoma.

Nitaambiwa vijiji havina wataalamu. Kujua kisima kilikokauka hakuhitaji shahada (nami ninazo tatu). Ninachodai ni kidogo: kabla mpango haujatiwa saini, usomwe katika mikutano mikuu ya vijiji vinavyouzunguka mgodi, kwa Kisukuma pia, na majibu ya wanakijiji yaambatishwe. Hakuna sheria mpya inayohitajika. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuanza na mikutano ya robo mwaka ijayo.