Pindo la khanga lilivyotuponza jikoni

Ukiingia katika ua wa nyumba yo yote hapa Mtoni wakati wa jioni, kuanzia kwa Azizi Ali hadi Mtongani, utaona jambo moja ambalo sote tumelizoea hata hatulioni tena. Sufuria imechemka. Mama anainama, anavuta pindo la khanga aliyojifunga, analikunja mara mbili, anaibana midomo ya sufuria kwa vidole na kuiepua. Akiungua kidogo hufyonza ncha za vidole, kisha huendelea na kazi yake.

Nami nimeepua hivyo kwa zaidi ya miaka 40. Nilifundishwa na mama yangu, nikamfundisha binti yangu, na mwaka jana nikamfundisha mjukuu wangu, mtoto wa kike wa miaka 10. Sikumpa kitu kingine cha kushikia kwa sababu hata mimi sikupewa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri. Nilikuwa nimeketi barazani na jirani, naye mjukuu yuko uani akiosha vikombe. Nikasikia mfuniko wa sufuria ya chai ukirukaruka. Nikamwita, “Mke mwenzangu, hebu epua hiyo chai kabla haijafurika.” Akaitika, “Haya, bibi.” Sikugeuka hata kumtazama.

Pindo la khanga yake lilikuwa limelowa maji ya kuoshea vikombe. Yeye hakujua, na mimi mtu mzima sikuwahi kumweleza, kwamba nguo iliyolowa ni adui wa mkono. Nguo kavu hutukinga kwa sababu ya hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake, maana hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ikilowa, mahali pa hewa hushikwa na maji, nayo maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Mtoto alikuwa amekwisha kuinua sufuria, yu katikati ya jiko na meza, joto lilipomfika vidoleni. Mkono mmoja ukaachia. Chai ikammwagikia kifundo cha mkono wa kushoto na mguu.

Ua ulijaa watu mara moja. Mmoja alileta dawa ya meno, mwingine akataka ute wa yai, wa tatu akasema unga wa ngano ndio dawa. Aliyetuokoa ni kijana mmoja mpangaji, dereva wa bodaboda, ambaye hakusema neno. Alimshika mtoto, akampeleka bombani na kuuweka mkono chini ya maji, huku akimwagia mguu kwa kopo. Tulipofika zahanati muuguzi alituambia kwamba hivyo ndivyo ipasavyo: maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, yapite juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20, halafu pafunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga na majivu huleta uchafu katika kidonda na kumpa mganga kazi ya kuvisugua kabla hajaanza tiba. Naandika haya kwa kirefu kwa kuwa najua nyumba nyingi bado zina tyubu ya dawa ya meno iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Kidonda kilipona baada ya wiki tatu. Kimeacha kovu lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Lakini woga haukupona. Mtoto yule, ambaye zamani hakukosekana karibu na jiko, sasa alizunguka ua mzima, akapitia upande wa kamba za nguo, ili asipite karibu na makaa. Nikimtuma kuleta mwiko, aliusukuma kwangu kwa kunyoosha mkono kutoka mbali. Binti yangu akaniambia kwa upole ambao uliniuma kuliko ukali, “Mama, sikulaumu. Ila mtoto asiguse tena jiko.”

Wako watakaosema kwamba mtoto wa miaka 10 hana kazi na sufuria ya moto, nami siwapingi sana. Lakini hatuishi katika nyumba zenye watumishi. Mama anayetoka alfajiri kuwahi basi la Kariakoo au la viwandani huacha nyumba mikononi mwa watoto, wala hakuna amri itakayowazuia kuchemsha uji. Na wasiniambie kwamba gesi itayamaliza haya. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na jambo hilo ni jema kwa macho na mapafu yetu. Hata hivyo sufuria ni ile ile. Iwe juu ya mkaa au juu ya gesi, haina mpini, ina midomo tu, nayo midomo huwaka moto sawasawa.

Kwanza nilikwenda mjini kununua. Nilipata glavu nene ya jikoni iliyotoka ng’ambo, yenye picha ya matunda, ndefu inayofika karibu na kiwiko. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye tanuri za kuokea, ambao huingiza mkono wote katika tundu la moto na kuvuta sinia. Mimi sina tanuri. Nikioka mkate wa kumimina natia makaa chini na kupalia mengine juu ya mfuniko, kama wafanyavyo wengi. Glavu ile ilimeza mkono wa mjukuu wangu kama gunia, na mimi mwenyewe nikiivaa sikuweza kuusikia mdomo wa sufuria vidoleni, ikawa inateleza. Siku ya pili iligusa ubavu wa jiko. Nguo yake ikajikunja na kuganda kama plastiki. Ndipo nilipoamua kushona.

Hapa yanipasa kukiri kwamba mimi si mshonaji. Katika darasa la sayansi kimu shuleni nilipinda leso moja tu, nayo ilikwenda upande. Nyumbani ninalo cherehani la mkono aliloniachia marehemu mama, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa meza ya kuwekea redio.

Jaribio la kwanza lilikuwa la aibu. Nililaza mkono wangu juu ya gazeti, nikauzungushia kalamu, nikakata kwa kufuata mstari ule ule. Nikachukua khanga kuukuu, na katikati nikajaza sufi ya mto wa zamani. Nilipomaliza kushona na kuigeuza nje ndani, vidole havikuingia. Nilikuwa nimesahau kwamba mshono hula nguo, na kwamba ujazo hula nafasi kutoka ndani. Hata ningeweza kuivaa isingefaa kitu, maana sufi ilikuwa imekimbilia pembeni, na katikati ya kiganja ikabaki khanga tupu. Kwa kutaka kujua, nilitupa nyonga ya sufi ile juu ya kaa. Iliwaka mara moja kama karatasi iliyomwagiwa mafuta. Nikatetemeka kwa kufikiri kwamba nilitaka kumvika mtoto kitu hicho.

Jaribio la pili nilitumia sponji ya godoro. Hiyo haikukimbia, ila iliponusa joto ilinywea na kutoa harufu mbaya. Blanketi nalo likanidanganya. Nililiona zito nikadhani ni la sufu ya kondoo. Jirani mmoja mzee akanifundisha kuchomoa nyuzi mbili tatu na kuzichoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele. Uzi wa kiwandani uliotokana na mafuta ya petroli huyeyuka na kuacha kidonge cheusi, kigumu. Blanketi langu liliacha kidonge. Tangu siku hiyo sikati nguo yo yote kwa kazi ya jikoni kabla ya kuichoma uzi, na nimegundua kwamba hata khanga na vitenge vingine vya siku hizi si pamba kama vinavyojidai.

Nilipovunja sindano ya pili nilichukua kapu langu, nikaenda kwa fundi anayeshona barazani karibu na njia ya kwenda Tandika. Ni kijana kwangu, lakini ana mikono ya mtu aliyeanza kazi mapema. Alinipa shikamoo, akatazama glavu zangu bila kucheka, jambo ambalo sitalisahau. Kisha akaniuliza, “Mama, wewe unashika sufuria kwa kiganja au kwa vidole?”

Nikanyoosha mkono hewani nikaepua sufuria isiyokuwapo. Kwa vidole! Kidole gumba juu, vidole vinne chini ya mdomo, na kiganja hakigusi kitu. Mimi nilikuwa nikijihangaisha kushona glavu nzima, hali kinachoungua ni vidole peke yake. Fundi akakata karatasi yenye umbo la yai, akaikunja katikati ikawa kama mdomo wa bata. “Huku unaingiza vidole vinne,” akasema, “na huku gumba. Fumba.” Karatasi ikauma ukingo wa meza.

Hicho ndicho kishikio ninachoshona sasa. Kwa mkono wangu yai lina urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 14; kwa mjukuu ni 20 kwa 12, pamoja na nafasi ya mshono. Ndani nimeweka tabaka mbili za taulo la pamba lililochakaa, juu na chini khanga ya pamba. Kisha nimekata vipande viwili vya nusu yai, navyo vikatiwa taulo, ndivyo mifuko ya vidole. Yai huwa ni moja, mifuko huwekwa kwenye ncha zake mbili. Kuna siri moja ambayo asiyeijua atarudia kosa langu la sufi: kabla ya kuunganisha cho chote, piga bandi kwa mkono kupitia tabaka zote, halafu pitisha mistari ya cherehani iliyoachana kiasi cha vidole viwili. Ujazo haukimbii tena. Lakini mistari isibanane, maana kila mshono huigandamiza nguo na kuifukuza ile hewa ambayo ndiyo mlinzi wetu.

Fundi alinipa sindano namba 16 badala ya ile nyembamba niliyokuwa nikiivunja, akaniambia niurefushe mshono, na penye unene nizungushe gurudumu polepole. Ukingo wa nje ulinitesa kuliko yote. Ukanda wa kuzungushia yai lazima ukatwe hanamu, si kwa kufuata uzi wa nguo, ili uweze kuvutika na kulala vizuri kwenye mviringo. Mimi niliukata ulionyooka kwa kubana matumizi, ukakunjamana kama uso wa mtu aliyekula embe bichi. Nikaufumua. Nilikaa hadi saa tano usiku nikishona ukanda mwingine kwa mkono, kastabini ya mama kidoleni, na uzi umenikatikia mara nne.

Kitanzi cha kutundikia nimekifanya kifupi, kwa kuwa kirefu hulamba makaa. Navyo vishikio hukaa kwenye msumari mbali na jiko, na vikilowa haviguswi mpaka vikauke juani. Katika jambo hilo sina mzaha na mtu.

Nilivijaribu mimi mwenyewe kwanza. Nilichemsha maji hadi yakatokota, nikashika sufuria kwa pindo la khanga kavu lililokunjwa mara mbili, nikahesabu. Nilipofika nne niliiweka chini. Nikavaa vishikio, nikahesabu hadi 30, nikapata hata nafasi ya kumwambia paka atoke njiani.

Mjukuu alikuwa akinitazama kutoka penye kamba za nguo. Sikumwita. Nilitundika vile vyake vidogo pembeni ya vyangu nikanyamaza, na kwa siku tisa hakuna aliyevigusa, isipokuwa kaka yake wa miaka 12, aliyevivaa akaanza kuongea kama bata. Nilimwambia kwamba kwa kuwa vimemwenea aepue maharagwe, akaepua. Nadhani hilo lilifanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote.

Jioni ya siku ya kumi nilikuwa nikikuna nazi. Niliposikia kimya cha ajabu nyuma yangu niligeuka. Mtoto amesimama mbele ya jiko, vishikio mikononi, anaitazama sufuria ndogo ya uji. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na mimi mbuzi ya nazi ilikuwa ikinitetemekea chini. Nilitaka kusema “acha,” nikajizuia. Alifumba midomo miwili ya bata kwenye midomo ya sufuria, akainua, akaenda hatua tatu, akaiweka juu ya meza taratibu kama anayelaza mtoto. Kisha akasimama akitazama vidole vyake.

“Bibi,” akasema baadaye, tulipokuwa tukinywa uji, “hiki cha kulia kina mfuko mpana. Gumba linacheza.”

Nikakitazama, ni kweli, nimekosea kwa karibu sentimita moja.

“Na mimi sitaki cha rangi ya manjano. Nataka chekundu.”

Khanga nyekundu ya pamba iliyobaki ndani ya nyumba ni moja tu, na bado naivaa. Kesho nitapita kwa fundi nimwulize kama ana kipande.