Mboga za Jana, Mkate wa Leo

Maharage yaliyolala yana uzito ambao maharage ya jioni hayana. Usiku kucha wanga wake hutulia, mchuzi hushika, na nazi, kitunguu na chumvi vilivyokuwa kila kimoja kivyake huwa kitu kimoja. Asubuhi unakuta rojo zito linalosimama kwenye mwiko. Hapo ndipo ninapoanzia nikitaka kitu cha kujaza kwenye mkate, na kwangu hicho ni chakula kamili, si cha kudanganyia njaa.

Nabandika kikaango, mafuta kidogo, kitunguu, kitunguu saumu na kipande cha tangawizi. Kabichi iliyobaki naikamua kwa mkono kabla ya kuitia, mchicha vivyo hivyo, kwa sababu adui wa mkate ni maji. Karoti na njegere hazina tabu. Bamia naziacha, utelezi wake hauendani na mkate. Kisha natia maharage, nayaponda kwa mgongo wa mwiko, nusu yapondeke, nusu yabaki mazima ili jino lipate kazi. Nakoroga bila haraka mpaka mwiko ukipita uache njia chini ya kikaango, na njia ile isijifunge mara moja. Ukiepua kabla ya hapo mkate utalowana, na mlaji atamwagikiwa vidoleni hata hajafika katikati.

Vitu vibichi vinakuja mwisho, moto ukishazimwa: kitunguu kilichokatwa vipande vidogovidogo, majani ya giligilani, pilipili mbuzi, limau la kutosha. Mboga zilizolala hupooza. Kinachozichangamsha ni uchachu na ubichi huo, wala si kuongeza chumvi, kosa ambalo wapishi wengi hulirudia. Boflo linapasuliwa ubavuni, linapashwa upande wa ndani tu, linajazwa mpaka lisifunge.

Wanaodhani mkate bila nyama ni wa kubabaisha wajue jambo hili: ngano ina upungufu wa laisini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini, na maharage yanayo tele. Maharage nayo yanapungukiwa methionini, ambayo ngano inayo. Vikikutana, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Watu wa Mumbai nao wana pav bhaji yao, mboga zilizopondwa pamoja na viazi na nyanya zikaliwa kwa mikate midogo laini. Inasimuliwa kuwa ilianza kama chakula cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo katika karne ya 19, watu waliohitaji kushiba upesi na kurudi kwenye mashine.

Kwetu mgeni hapewi kiporo. Naielewa heshima hiyo, ila naona tumeiweka pasipo pake. Shangazi yangu alilisha nyumba kubwa kwa mshahara mdogo, na sikumbuki akituwekea kiporo kilichopashwa tu. Alikikaanga upya, akakitia karanga za kusaga, akakipakua kwenye bakuli zile zile za wageni. "Kula mwanangu, nimekupikia," alisema, na kweli alikuwa amepika. Kutoka kwake nilijifunza kwamba anayekula huonja uangalifu wa mpishi kabla hajauliza chakula ni cha lini. Naliona hili hata nje ya jiko. Tuna wepesi wa kuanza vipya, kazi mpya, marafiki wapya, mipango mipya, na uzito wa kurudi kwenye kilichopo tukakitia moto wa pili. Urafiki mwingi haujafa. Umepooza tu, na hakuna aliyeinuka kuushughulikia.

Nikirudi kwenye chakula, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Kabichi hizi tunazomwaga kuna mtu alizipalilia Lushoto, kuna aliyezibeba mgongoni, kuna lori lililoteremka nazo milima ya Usambara. Inaniuma.

Hata hivyo, si kila kilichobaki kinaokolewa. Mboga zilizokaa juu ya meza usiku kucha katika joto la Dar es Salaam sizigusi, hata zikinukia vizuri, maana bakteria wengine huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kiporo kizuri huandaliwa jioni ile ile. Chakula kikishaliwa, kilichobaki kiingie kwenye chombo kipana kipoe upesi, na ndani ya saa mbili kiwe kwenye friji. Asubuhi kipate moto wa kweli mpaka kitoe mvuke kote. Usiku huo mtu amechoka, vyombo vinamsubiri, kitanda kinamwita. Ndiyo saa ngumu kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo inayoamua kama kesho kutakuwa na chakula au taka.

Siku hizi ninapochambua maharage ya Jumapili naongeza kikombe kimoja makusudi, na boflo nanunua mapema Jumatatu, kabla watoto hawajaanza kuulizia cha kubeba shuleni.