Mapenzi ya Motokaa za Kale

Mara nyingi twaulizwa, sisi walimu wa Kanazi, ni akili gani hii ya watu wanaotoa fedha nyingi kwa motokaa kuukuu za Marekani, tena zile za ajabu. Sisi hatuwacheki, na sababu zetu ni hizi.

Itazameni Ford Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, zaidi ya milioni 15. Dereva wa leo hawezi kuiendesha pasipo kufundishwa. Kanyagio la kati ni la kurudi nyuma, la kulia ndilo breki, na mwendo huongezwa kwa mkono penye usukani. Petroli yake haikuvutwa na pampu, ilishuka yenyewe kama maji ya mfereji. Kwa hiyo penye mlima mkali dereva aligeuza motokaa akaupanda kinyumenyume, injini isikose petroli. Wapanda vilima wa Bukoba mtaelewa!

Iko na Tucker ya mwaka 1948, yenye injini nyuma na taa ya tatu katikati, iliyofuata usukani penye kona. Zilitengenezwa 51 tu. Preston Tucker alishitakiwa kwa udanganyifu, akaachiliwa mwaka 1950, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha kufa. Wapenzi ndio waliozihifadhi. Hata Nairobi yako mashindano ya motokaa zilizotunzwa, yaliyoanza mwaka 1970, na waamuzi huchungulia mpaka uvunguni.

Ni anasa? Kwa wengine ndiyo, hatukatai. Lakini kitu kisichotumika hupotea pamoja na ujuzi wake, nasi wa Buhaya twalijua jambo hili. Babu zetu waliyeyusha chuma, kisha kazi ile ikakoma. Miaka ya 1970 Mmarekani Peter Schmidt aliwaomba wazee wajenge tanuru tena. Walikumbuka mengi, lakini mara za kwanza walishindwa, maana mikono ilikuwa imesahau. Ikawabidi kujaribu tena na tena hata chuma kikapatikana.

Siku hizi lori likichoka huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fundi aliyelijua haulizwi neno. Basi kama yuko kwenu mzee aliyeendesha au kutengeneza malori ya kahawa ya zamani, mleteni shuleni siku yo yote baada ya masomo. Kalamu na daftari tunazo, na watoto wataandika asemayo.